Lori Lililoacha Moshi

Jumatatu, tarehe 4 Machi 2024. Saa kumi na dakika kumi alfajiri Ngigi wa Kayole alikuwa macho. Saa kumi na moja kasoro dakika tano injini ya lori lake ilikuwa imekwisha pata moto. Saa kumi na mbili na robo alikuwa wa nne katika foleni ya timbo la mawe kule Njiru. Na saa mbili na dakika ishirini, akiwa amebeba mzigo kamili, lori likamfia katikati ya mwinuko wa kutokea shimoni. Alikaa pale, mguu kwenye breki, kwa dakika ishirini na tano, huku malori ya nyuma yakimpigia honi, mpaka saa tatu kasoro robo tingatinga liliposhuka, likamfunga mnyororo puani na kumvuta hadi juu kama ng'ombe anayepelekwa joshoni.

Hiyo ilikuwa mara ya pili mwaka huo.

Juu ya shimo alisimama Maingi, mwenyekiti wa foleni, mtu mfupi mwenye kizibao cha manjano na firimbi shingoni. Hakumfokea. Aliinua vidole viwili tu, akavishika hewani kidogo kuhakikisha kwamba Ngigi ameviona, kisha akageuka kuruhusu lori jingine.

Timboni palikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua. Kadiri mawe yalivyochimbwa ndivyo shimo lilivyozidi kuzama, na mwinuko wa kutokea humo, ambao madereva waliuita Ngazi, ulikuwa umesimama wima kiasi kwamba anayeupanda huona mbingu tu mbele ya kioo. Lori likikwama hapo, hakuna mwingine anayetoka. Ndipo madereva wenyewe walipokubaliana: anayevutwa na tingatinga mara tatu kabla ya Krismasi haondoki timboni, lakini anahamia foleni ya pili, ile ya udongo. Huko hubebwa udongo wa juu na takataka zinazokwanguliwa kabla mawe hayajafikiwa. Hupelekwa popote penye shimo la kufukiwa, ukamwagwa, ukasahauliwa.

Kwa Ngigi jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko lilivyosikika. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Hakuwa amejenga nyumba ya mawe kijijini, hakuwa na cheo kanisani, na shule aliiacha mapema. Lakini angeweza kupita mtaa wa Tassia akiwa na binti yake Kui na kumwonyesha kwa kidole, ghorofa moja baada ya nyingine: ile ya kijani, mawe yangu, ile yenye nguo nyingi barazani, mawe yangu hadi orofa ya tatu, juu ya hapo ni ya watu wengine. Watu walikuwa wamelala, wamezaa na wamefiwa ndani ya vitu alivyovibeba. Udongo haungempa hata ukuta mmoja wa kuonyesha.

Lori lenyewe lilikuwa kongwe kuliko Kui. Ngigi, ambaye alianza kama taniboi, msaidizi wa dereva, na kisha akawa dereva wa watu kwa muda mrefu, alilinunua katika mnada wa kampuni moja iliyofungwa. Lilikuja na jina lake tayari, limeandikwa juu ya kioo kwa herufi za bluu: SUBIRA. Waithera, mkewe, muuza vitunguu katika soko la Muthurwa, hakuchoka kuwaeleza wateja wake habari ya jina hilo.

"Lilikuja na lori," alikuwa akisema. "Halimhusu Baba Kui hata kidogo."

Naye alisema kweli. Ngigi hakuwa mtu wa kutulia. Kanisani alikaa mwisho wa benchi ili aweze kusimama bila kuwasumbua watu. Chai aliinywa akizunguka meza. Akisikia mlio mgeni katika injini, hata ya jirani, alitoka nje kuutafuta. Vitu vingi katika lori vilikuwa vimefungwa, vimekazwa na kufunguliwa tena na mikono yake mwenyewe, si kwa kuwa vilikuwa vibovu, bali kwa kuwa vilikuwa mbele yake.

Asubuhi ile, mnyororo ulipofunguliwa, Nabiswa alimfuata akicheka. Nabiswa alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, dereva wa lori la tajiri mmoja, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Mzae, hiyo kitu yako ina kiu," alisema. "Ifungulie dizeli. Ile skrubu ya pampu, robo raundi tu, utaona ikitoa moshi kama jaa la Dandora."

"Nilishaifungulia mwaka juzi."

"Basi ifungulie tena! Mlevi chupa moja ikikataa kumshika, si huongeza?"

Madereva wakaangua kicheko. Lakini hawakuwa wakitania kabisa. Timboni, nguvu ya lori ilipimwa kwa macho: lililopanda Ngazi likiacha wingu jeusi nyuma yake lilisemwa kuwa linavuta, lililopanda bila moshi lilisemwa kuwa linabahatisha. Ngigi alikuwa ameamini hivyo tangu utaniboi wake. Hakuwahi kukutana na mtu aliyeamini vinginevyo, isipokuwa mmoja.

*

Mtu huyo alikuwa Mzee Zubeiri, fundi wa pampu za dizeli huko Kariobangi, katika vibanda vya mafundi. Alizaliwa Majengo, Pumwani, katika ukoo uliotoka pwani zamani, na alizungumza Kiswahili kilichonyooka kama chuma cha kupimia. Kofia yake ilikuwa safi hata mikono yake ilipokuwa myeusi. Siku ya pili yake, kabla jua halijawa kali, Ngigi alisimamisha lori mbele ya kibanda chake.

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam, Baba Kui. Leo umeliacha lori au limekuacha?"

"Limeniacha. Mara ya pili. Bado moja nipelekwe kwa udongo. Nataka uniongezee nguvu. Nifungulie dizeli."

Zubeiri alijifuta mikono polepole, kidole kimoja baada ya kingine.

"Wataka nguvu, au wataka moshi?"

"Fundi, si ni mtu na nduguye hao?"

"Hawajuani kabisa," alisema Zubeiri. "Moshi mweusi ni dizeli iliyoingia ndani ikakosa hewa ya kuiunguza. Umeinunua, umeipitisha, umeitoa nje. Lori lako halina njaa ya dizeli. Linakosa pumzi."

Akamwomba alipige moto na kukanyaga mafuta. Wingu likapanda juu ya vibanda; jirani aliyekuwa akichomelea geti akatoa tusi bila kuinua kofia yake ya chuma. Zubeiri hakulitazama wingu. Alipitisha kiganja juu ya bomba la hewa, kutoka kwenye tabo, ile pangaboi ndogo inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa ndani, mpaka kwenye injini yenyewe. Katikati ya njia kiganja kilisimama. Palikuwa na mpira uliopasuka, ukafungwa kwa utepe wa tyubu ya gurudumu, mzunguko juu ya mzunguko, nadhifu kama bandeji ya hospitalini.

"Hiyo kazi niliifanya mwenyewe," Ngigi alisema, na hakuweza kuficha fahari yake. "Mwiki, kando ya barabara, mvua ikinyesha."

"Naiona. Umeifunga vizuri sana. Ila hewa haina habari kwamba imefungwa." Akamshika mkono na kuuweka pale. Ngigi akahisi upepo wa moto ukimpenya kati ya vidole.

Hayo yalikuwa ya kwanza tu. Kichujio cha hewa kilikuwa kimejaa vumbi la mawe hadi kimekuwa kama tofali. Juu ya pampu palikuwa na kikombe kidogo chenye ngozi nyembamba ya mpira ndani yake. Hewa ya tabo ikiisukuma ngozi hiyo, pampu hupata ruhusa ya kutoa dizeli zaidi, kwa kipimo cha hewa iliyopo. Ngozi ilikuwa imechanika. Kwa miaka pampu ilikuwa ikifanya kazi kama kiziwi, na Ngigi, kwa kuizungusha ile skrubu, alikuwa akimpigia kelele kiziwi.

"Kwanza tutarudisha nguvu iliyopotea," Zubeiri alisema. "Baadaye tutaongeza kidogo juu yake. Kidogo. Chuma hiki ni kizuri lakini ni cha zamani, na pistoni zikizidiwa na joto huyeyuka kama mshumaa, nawe hutasikia chochote mpaka imekuwa basi."

Kazi ilichukua siku kadhaa, na kila siku Ngigi alikuwepo. Aliinama alipoinama fundi. Aliokota spana kabla haijaombwa, nayo haikuwa ile iliyohitajika. Aliuliza ni kwa nini vali zinapimwa injini ikiwa baridi, kisha akaondoka kabla jibu halijaisha, akarudi kuuliza tena.

"Baba Kui, keti."

"Nimeketi."

"Umesimama."

"Nilikuwa naketi."

Zubeiri akamtuma mjini, kwenye maduka ya vipuri ya Grogan, kutafuta mpira mpya wa hewa, naye akaenda akarudi kabla chai haijapoa. Akatumwa gasketi. Mara ya tatu alitumwa kutafuta bolti ambazo, aligundua baadaye, zilikuwa tayari ndani ya kopo juu ya rafu.

Mpira ukabadilishwa, kichujio kikabadilishwa, ngozi mpya ikatiwa. Nozeli zikapimwa moja moja hadi zikarusha dizeli kama ukungu badala ya matone. Pampu ilifungwa kwenye meza ya kupimia na kurudishwa katika kipimo ilichozaliwa nacho. Nyuma ya vibanda palikuwa na mzoga wa lori jingine, na kutoka humo Zubeiri alitoa rejeta ya kupozea hewa, akaiweka mbele ya ile ya maji, ili hewa inayotoka kwenye tabo iingie ndani ikiwa baridi na nzito. Hapo ndipo alipoongeza dizeli kidogo, akaisogeza pampu nayo kidogo ili dizeli iwahi kuingia. Alifanya hivyo akisikiliza injini, na hata Ngigi alitulia kwa muda.

Mwisho alitoboa bomba la moshi karibu na injini, akatia kipimajoto, na saa ya kuonyesha joto hilo akaifunga mbele ya usukani.

"Nahitaji rangi nyekundu," alisema. "Mstari mmoja tu juu ya kioo cha saa hii."

Kui ndiye aliyekuwa na rangi hiyo. Alikuwa ameleta chakula cha mchana cha babake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kucha katika saluni moja hapo Kayole, na mkobani hakukosa kichupa. Akapanda ndani, akashusha pumzi, na kwa brashi ndogo akachora mstari mwembamba pale Zubeiri alipoonyesha.

"Mkono hautetemeki," Zubeiri alisema. "Huu umetoka kwa mamako."

"Watu husema hivyo, Mzee," Kui alijibu, akimtazama babake ambaye tayari alikuwa amefungua na kufunga mlango mara mbili.

"Sikiliza, Baba Kui. Mshale ukifika kwenye mstari huu, inua mguu. Usiniulize mimi, usimwulize mwenzako, usijiulize mwenyewe. Inua."

Kisha akapitisha waya mwembamba katika skrubu ya pampu, akauziba kwa kipande cha madini ya risasi na kukibana kwa chombo kilichoacha nukta tatu. Huo ndio uliokuwa muhuri wake, na madereva wa Eastlands waliujua.

"Pampu yenye nukta hizi ikiharibika, njoo unidai mimi. Risasi ikikatwa, mimi na wewe hatuna neno juu ya injini hii. Na siiweki mara mbili."

"Nani ataikata?" Ngigi aliuliza.

Kui alitazama kwingine.

*

Ngigi alirudi nyumbani kwa Barabara ya Kangundo, na kabla hajafika Kayole wasiwasi ulikuwa umemshika. Lori lilikuwa kimya. Halikuwa kimya kama kitu kilichozimwa, lakini ule mngurumo uliokuwa ukimtetemesha mbavu haukuwepo tena. Badala yake palikuwa na mluzi mwembamba wa tabo. Alitazama kioo cha pembeni. Hakuna moshi. Akakanyaga zaidi, akatazama tena. Barabara ilionekana nyuma yake, safi, na watu wakivuka bila kuziba pua.

"Sasa nini kinakusumbua?" Waithera aliuliza jioni, akimwona akienda dirishani kwa mara nyingine.

"Halina moshi."

"Nguo zangu za kambani zinashukuru."

"Huelewi, Mama Kui. Lori likipanda lazima ulisikie. Hili sijui kama lipo."

"Lipo hapo nje. Umelitazama tangu tuanze kula."

Jumatatu iliyofuata alishuka shimoni mapema. Mawe yalipakiwa, jiwe juu ya jiwe, na kila moja lililoangukia tumbo la lori alilisikia katika meno yake. Alipomaliza kupakiwa, mbele yake palikuwa na malori matatu chini ya Ngazi. Injini ilikuwa ikizunguka bila kelele. Nabiswa, aliyekuwa nyuma yake, alichungulia dirishani.

"Wee! Sikieni!" aliwaita wenzake. "Subira imeokoka! Imeacha sigara!"

"Haleluya!" mmoja akaitikia kutoka juu ya mzigo.

"Mzae, umeipeleka kwa fundi au kwa pasta? Hii haipandi. Hii inaenda kuimba kwaya."

Ngigi alitabasamu kwa mdomo tu. Juu kabisa, ukingoni, Maingi alikuwa amesimama. Aliinua vidole viwili, si kwa ubaya, kwa kumkumbusha. Lori la kwanza likaondoka likiacha wingu jeusi, likapanda. La pili likaondoka, wingu, likapanda. Ngigi alishuka, akapiga gurudumu teke, akapanda. Akashuka, akatazama gurudumu lile lile. Alijaribu kukumbuka maneno ya fundi kuhusu hewa, na aliyakumbuka yote, kwa mpangilio, na hayakumsaidia. Fundi hakuwa chini ya Ngazi. Fundi hakuwa amevutwa mbele ya watu mara mbili, na ya tatu ikimsubiri pale juu.

La tatu likaondoka.

Mkono wake ulikuwa umekwisha fika kwenye sanduku la vifaa. Alichukua koleo na spana, akainama penye pampu, na bila kujipa nafasi ya kufikiri akakata waya. Risasi ilianguka kiganjani, ndogo, nyepesi kuliko alivyodhani. Aliitia mfukoni mwa shati. Akaizungusha skrubu robo raundi, akaikaza, akaifungua tena na kuongeza kidogo. Aliporudi kwenye usukani na kukanyaga, wingu jeusi lilipanda nyuma ya lori mpaka likaficha ukuta wa shimo.

"Ndiyo hiyo!" Nabiswa alipaza sauti, akipiga mlango wake kwa kiganja. "Sasa huyo ndiye Ngigi wetu!"

Na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, miguu ya Ngigi ilitulia.

Firimbi ikalia. Alitia gia, akaachia klachi, na Subira likaingia Ngazi kwa nguvu ambayo hakuwahi kuijua. Lilivuta kana kwamba limefungwa kamba kutoka juu. Pale lilipomfia mara ya kwanza, lilipita. Pale lilipomfia mara ya pili, lilipita, na moshi ulikuwa mwingi hata hakuona kitu katika vioo. Alitaka kucheka. Ndipo macho yake yalipoangukia saa.

Mshale ulikuwa umeufikia mstari wa Kui. Hakuuona ukisimama, ulipita juu yake polepole, ukaendelea, na harufu ya rangi inayoungua ikaanza kuingia kutoka kwenye bomba la moshi.

Kila dereva wa timbo alijua kwamba mguu hauinuliwi katikati ya Ngazi. Ukiinuliwa, lori hupoteza mwendo. Likipoteza mwendo, limekufa. Na likifa, tingatinga linashuka. Ngigi aliyajua hayo kama anavyolijua jina lake. Juu alikuwa Maingi na vidole vyake, na cha tatu kilikuwa kimebaki kuinuliwa. Mbele ya macho, juu ya kioo kidogo cha saa, ulikuwa mstari mwekundu ambao binti yake aliuchora akiwa ameshusha pumzi. Akiendelea kukanyaga, pengine angefika juu, na pengine pistoni zingemwagika ndani ya injini, na hapo asingekuwa na lori la kubebea hata udongo.

Akainua mguu.

Hakuuinua wote, nusu tu. Akangoja. Alikuwa ameyangoja mambo machache sana maishani mwake, na hilo lilikuwa refu kuliko yote. Akangoja mtikisiko unaotangulia kifo cha lori, ule anaouhisi dereva kitini kabla hajausikia. Moshi ulipungua, ukawa kijivu, ukakatika. Kioo cha pembeni kikaonyesha shimo lote chini yake, na Nabiswa, mdomo wazi, akingoja Subira lirudi nyuma.

Lori lilipunguza mwendo kidogo, kama mtu anayebadilisha bega chini ya mzigo. Kisha likashika. Mluzi wa tabo ulisikika tena, mwembamba, usio na haraka, na mshale ukaanza kushuka. Likapanda. Halikutoa moshi wala kelele, nalo likapanda, na mbingu iliyojaa kioo cha mbele ikaanza kushuka, ukingo ukaonekana, na magurudumu ya mbele yakapata ardhi sawa.

Maingi alimtazama akipita. Hakuinua kidole chochote. Aliushusha mkono, akaashiria kwamba njia iko wazi.

Hakuna aliyeshangilia, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kutazama. "Mzae, uliizima?" Nabiswa alimwuliza baadaye kwa simu. "Moshi uliisha katikati, nikasema basi, huyo ameenda. Ilikuwaje?"

"Sikuizima," Ngigi alijibu.

*

Alimwaga mawe Tassia, kwenye jengo lililokuwa bado msingi tu, na hakusubiri kama ilivyokuwa desturi yake kuona jiwe la kwanza likiinuliwa. Alikwenda moja kwa moja hadi Kariobangi. Zubeiri alikuwa ameinamia pampu ya mtu mwingine. Ngigi aliweka kile kipande cha risasi juu ya meza, mbele yake, nukta tatu zikitazama juu.

Fundi alikigeuza kwa ncha ya kidole.

"Nani?"

"Mimi."

"Ulidanganywa na mtu?"

Ngigi alimfikiria Nabiswa, akamwacha. "Hapana. Lilikuwa kimya mno. Nilitaka kulisikia."

"Na mshale?"

"Ulipita. Nikainua mguu." Akasita. "Likapanda, fundi. Nimeinua mguu, na likapanda."

Zubeiri alichukua spana. Alirudisha skrubu mahali pake, akaipiga injini moto, akasikiliza kila silinda kwa ufito wa chuma uliogusa sikio lake, akauona moshi, yaani akaona kwamba haupo. Injini ilikuwa salama. Alipomaliza alikusanya vifaa vyake.

"Niwekee risasi nyingine," Ngigi alisema.

"La."

"Fundi, unanijua. Mkono wangu huu. Usiponifungia, kesho nitakuwa nimeifungua."

"Nilikwambia siiweki mara mbili, na sijasema hivyo kwa hasira. Risasi ile ilikuwa ahadi yangu kwako. Sasa spana unayo, skrubu unaijua, na umeona mwenyewe kwamba kilichokupandisha ni hewa, si moshi. Nenda na amani, Baba Kui."

Alikwenda, lakini amani hakuwa nayo. Jioni hiyo alizunguka lori mpaka Waithera akamwambia atachimba mtaro. Mwishowe Kui alitoka na kichupa chake, akiwa amevaa ndara, akamwomba babake amwangazie kwa simu. Alisafisha skrubu na nati yake kwa kitambaa, akachora mstari mmoja mwekundu ulioanzia juu ya skrubu, ukavuka nati na kuishia kwenye mwili wa pampu.

"Ukiizungusha hata kidogo, baba, mstari utakatika," alisema. "Nami nitauona."

"Na nikikupa rangi uuchore tena?"

"Nitajua umenipa kwa nini."

Ngigi alisimama akiutazama mpaka ukakauka.

Mwaka mmoja baadaye, Machi 2025, Subira lilikuwa bado katika foleni ya mawe, na tingatinga halikuwa limelivuta tena. Skrubu haikuwa imesogea. Hata hivyo Kui alikuwa ameupaka mstari ule upya mara mbili, kwa sababu kila alfajiri, kabla ya kupiga moto, babake aliupitishia kidole gumba kuona kama bado upo, mpaka rangi ikawa inafifia.